Mikono Yote Miwili Imeshika Tarumbeta: Bendi ya St. Augustine Mbele ya Umati wa New Orleans, 1967

Mpiga tarumbeta akiwa kwenye gwaride hana mkono wa kujikinga. Wa kulia uko kwenye vali, wa kushoto umebeba chombo, na midomo imebanwa kwenye kikombe kidogo cha chuma. Kitu kikigonga tarumbeta kwa mbele, kishindo hakiishii kwenye shaba, kinaishia kwenye meno. Shingo haigeuki, maana macho yana kazi ya kutazama kisogo cha mwenzako wa mbele na, kwa pembeni tu, bega la aliye kulia kwako. Hata pumzi si yako, imeshagawanywa na wimbo. Ukitaka kumkuta kijana wa miaka kumi na sita akiwa hajiwezi kabisa mbele za watu, mkute hapo.

Nimeanza na hilo kwa sababu kisa cha bendi ya St. Augustine husimuliwa kwa haraka mno. Mwaka 1967, wanasema, bendi ya shule ya weusi iliandamana na Rex, chama kikuu cha karnivali ya New Orleans, Marekani, kwa mara ya kwanza, watu wakaitukana na kuirushia vitu, wavulana hawakujibu, mji ukasonga mbele. Yote hayo ni kweli. Ila anayesimulia hivyo analiruka swali ambalo kila aliyewahi kuvaa sare ya bendi ya shule atajiuliza mara moja: waliwezaje kuendelea kupiga? Kunyamaza ukitukanwa ni jambo moja. Kupuliza noti safi huku mate ya mtu mzima yanakutiririka shavuni ni jambo lingine, maana midomo ikitetemeka kidogo tu noti inapasuka na kila mtu anasikia.

Barabara ilikuwa ya nani

Mardi Gras ni Jumanne ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu. Mwaka ule iliangukia Februari 7. Kwa New Orleans siku hiyo ni kama sikukuu zote zimekunjwa zikawa moja: maofisi yamefungwa, familia zimewahi nafasi zao kando ya barabara tangu alfajiri, na vyama vya karnivali vinapita na magari yaliyopambwa vikirusha shanga na vijizawadi. Rex ndicho chama kinachotawala siku yenyewe. Kilianza mwaka 1872, mfalme wake huhesabiwa kuwa mfalme wa karnivali nzima, na rangi za sherehe, yaani zambarau, kijani na dhahabu, zilitoka kwake.

Mtu mweusi alikuwa na nafasi katika maandamano hayo ya wakubwa, tena ya zamani sana. Tangu chama cha Comus kitoke kwa mara ya kwanza mwaka 1857, wabeba mienge wa maandamano ya usiku walikuwa weusi. Walitembea kandokando ya magari wakimulika, wanacheza kidogo chini ya moto, na watazamaji wanawarushia sarafu. Kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba umati wa 1967 ulishtuka kuona ngozi nyeusi barabarani. Ulikuwa umeizoea. Kilichoushtua ni ngozi nyeusi ndani ya sare iliyopigwa pasi, imeshika tarumbeta, haiokoti kitu.

Weusi walikuwa na karnivali yao pia. Kulikuwa na Zulu, maandamano yaliyoanza mwaka 1909, ambayo mwaka 1949 yalimpata mpiga tarumbeta Louis Armstrong kuwa mfalme. Na kulikuwa na barabara ya Claiborne, yenye safu za miti mikubwa ya mwaloni katikati, ambako familia zilitandika vyakula vyao chini ya kivuli siku nzima. Mwaka 1966 miti ile ilikatwa kupisha barabara kuu ya juu, nguzo za zege zikachukua mahali pake. Hili sijaliona likiwekwa sana kando ya kisa chetu, na mimi naona ni sehemu yake. Wavulana wa St. Augustine walipoitwa kwenda kupiga kwenye barabara ya wengine, barabara yao wenyewe ilikuwa imetoka kung'olewa.

Shule na mwalimu

St. Augustine ni shule ya Kikatoliki ya wavulana, ilifunguliwa mwaka 1951 chini ya mapadri wa shirika la Josephite, ambalo kazi yake ni kuwahudumia weusi wa Marekani. Jina ni la yule askofu wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini. Shule iko eneo la Seventh Ward, kwenye barabara ambayo siku hizi ina jina la A. P. Tureaud, wakili mweusi aliyepigania kesi za ubaguzi wa shule Louisiana. Mwaka 1952 alikuja Edwin Hampton, aliyesomea chuo kikuu cha Xavier mjini humo, akaanzisha bendi. Alibaki nayo kwa takriban nusu karne. Bendi ikapewa jina la Marching 100, Mia Moja Waandamanao, na sare za zambarau na dhahabu. Rangi mbili kati ya tatu za Rex, kama mtu anapenda vituko vya bahati.

Inafaa kueleza bendi ya shule ni kitu gani kwa Mmarekani, maana kwetu neno hilo linaweza kumaanisha vijana kumi na wawili wenye snea mbili zilizochanika ngozi. Bendi ya sekondari kule ni jeshi dogo. Mbele anatangulia kiongozi mwenye fimbo. Zinafuata safu za klarineti, tarumbeta, tromboni. Nyuma wako wapiga susafoni, ile tarumbeta kubwa inayomzunguka mtu kiwiliwili kama chatu na kukaa begani. Halafu ngoma na matoazi. Susafoni ya shaba inaweza kufika kilo kumi na sita. Hatua ina kipimo: kwa kawaida nane kwa kila yadi tano, yaani kama sentimita 57 kila moja. Mrefu analazimika kuibana, mfupi anaivuta, na inazoeshwa uwanjani jua kali hadi mguu wenyewe unajua bila kuulizwa kichwa. Bendi nyingi huwa na kambi ya mazoezi kabla shule haijafunguliwa. Watu husikia neno "muziki" wakafikiri darasa. Sehemu kubwa ni kwata.

Mimi nilibeba besi, ngoma kubwa, katika bendi ya shule kwa mwaka mmoja na nusu. Sitajifanya najua ya New Orleans kwa sababu hiyo. Ila kuna kitu kimoja niliondoka nacho: alama ya mkanda begani, nyekundu, ambayo Jumatatu asubuhi niliionea fahari bafuni kana kwamba ni cheo. Nilikuwa mwanafunzi wa katikati, hesabu zinanipiga chenga, mpira sijui. Lakini bila besi bendi haitembei. Siku niliyougua malaria walitoka bila mimi, na nilipoambiwa kwamba safu zilipoteana kwenye kona nilisikitika kwa mdomo na kufurahi moyoni. Ndiyo hali ya kijana wa bendi. Amepewa mahali ambapo akikosekana panaonekana.

Tembea

Mwaliko wa Rex ukaja, na shule ikaukubali. Hapakuwa na haja ya nabii kujua kitakachotokea. Miaka saba kabla, Novemba 14, 1960, wasichana wanne weusi wa miaka sita walipoingia darasa la kwanza katika shule mbili za wazungu mjini humo, walisindikizwa na maofisa wa serikali ya Washington kupita katikati ya akina mama waliokuwa wakipiga kelele. Mwaka 1962 askofu mkuu Joseph Rummel alipofungua shule za Kikatoliki kwa watoto wa rangi zote, ilibidi awatenge na kanisa baadhi ya waumini waliompinga hadharani. Huo ndio umati uliokuwa unakwenda kusimama St. Charles Avenue kutazama gwaride, au angalau sehemu ya umati huo.

Wavulana waliagizwa wasijibu lolote. Wapige, watembee, wafike.

Walitemewa mate. Walitukanwa matusi ambayo hayana haja ya kuandikwa. Walirushiwa chupa na vitu vingine, na mkojo pia. Njia ya Rex siku hizi ni kama kilomita nane, kwa mwendo wa gwaride ni saa kadhaa, na gwaride la Mardi Gras haliendi moja kwa moja: gari la mbele likikwama, wote mnasimama. Hapo, naona, ndipo penye mtihani mkubwa kuliko kutembea. Ukitembea unamwacha anayekutukana nyuma yako. Mkisimama, mnakuwa uso kwa uso, mita mbili, na yeye ana mikono mitupu na wewe yako yote miwili imeshika tarumbeta. Na ikiwa kiongozi ameashiria wimbo uendelee mkiwa mmesimama, unainua chombo juu na kupuliza ukimtazama machoni mtu ambaye shanga zake zimemning'inia shingoni kwa furaha ya sikukuu.

Walifika.

Kwa nini safu haikuvunjika

Jibu rahisi ni ujasiri, na sitaki kuwanyang'anya. Lakini ujasiri ni kitu kinachopanda na kushuka, na hakuna kijana anayeweza kuushikilia mfululizo kwa kilomita nane. Nadhani kilichowashikilia ni kitu cha kawaida zaidi, kisicho na utukufu.

Kwanza, miguu. Mtu aliyefanya mazoezi ya hatua ile ile maelfu ya mara huwa na sehemu ya mwili isiyosikiliza matusi. Ngoma inapiga, mguu unajibu, na kichwa kinabaki kama abiria. Hofu inataka uamuzi: nikimbie au nipige? Kwata imeshachukua nafasi ya uamuzi kabla hofu haijafika. Wanajeshi wanalijua hili tangu zamani, ndiyo maana wanawatembeza kuruta uwanjani miezi bila kuwapa risasi.

Pili, na hili ndilo naona halisemwi vya kutosha, kijana aliye kwenye safu hajui kuvunja safu dhidi ya umati. Anajua kuivunja dhidi ya mwenzake. Ukitoka kumfuata aliyekutemea mate, pengo linabaki kwenye mstari wa nne. Wa nyuma yako hana kisogo cha kutazama. Susafoni inayokufuata haioni vizuri mbele, inakugonga. Wimbo unapoteza sauti ya pili. Utakaowaletea hayo yote ni wale mnaokula nao mezani kila mchana. Katika umri ule, kati ya kudharauliwa na mji mzima na kuonekana na wenzako umewaangusha, la pili ndilo lisilovumilika. Wazazi huwa hawalipendi hilo kwa watoto wao wakubwa, na mara nyingi wana haki. Siku ile lilikuwa ngao.

Nguvu hiyohiyo ina upande wake wa giza, na uchambuzi wa bendi unaoificha si wa kweli. Novemba 2011, katika bendi ya chuo kikuu cha Florida A&M, nayo huitwa Marching 100 na ni miongoni mwa zilizo maarufu kabisa za vyuo vya weusi, kiongozi mmoja wa bendi alifariki baada ya kupigwa na wenzake ndani ya basi katika mila za kuonyeshana nani anastahili. Bendi ikasimamishwa, ikarudi uwanjani mwaka 2013. Gundi inayomzuia kijana asitoke kwenye safu akitemewa mate ndiyo inayomzuia asishuke kwenye basi anapojua kinachomngoja.

Kususia au kuingia

Swali ambalo watu wazima wa wakati ule walikuwa nalo halikuwa la muziki. Mji ulikuwa na njia nyingine iliyokwisha kujaribiwa, na kwa mafanikio. Kulikuwa na siku iitwayo McDonogh Day, ambapo watoto wa shule waliweka maua kwenye sanamu ya tajiri aliyeziachia shule mali yake. Wazungu walitangulia wote, shule baada ya shule. Weusi, pamoja na bendi zao, walisimama juani mpaka mzungu wa mwisho amalize. Mei 7, 1954, siku kumi kabla ya Mahakama Kuu ya Marekani kutamka kwamba ubaguzi wa shule ni kinyume cha katiba, wazazi weusi walisusia. Kati ya wanafunzi weusi kama 32,000 wa shule za mji, waliofika walihesabika kwa makumi tu. Mwaka 1961 nako kulikuwa na shinikizo kubwa kwamba weusi wasishiriki karnivali kabisa, Zulu ikiwemo: watu wanapigwa kwa kukaa kwenye viti vya migahawa ya wazungu, nyinyi mnacheza kwa raha gani?

Kwa mtu aliyesusia mwaka 1954 na tena 1961, mwaliko wa Rex ungeweza kuonekana kama mtego. Unaenda kuwapigia ngoma mabwana, bure au kwa pesa, na shukrani yake ni chupa. Hoja hiyo siioni dhaifu hata leo. Na inazidi uzito ukikumbuka ni nani aliyepelekwa. Wazee waliamua, vijana wa sekondari ndio walioloa. Ndivyo ilivyokuwa Kusini mwa Marekani miaka ile: wasichana wa miaka sita mwaka 1960, watoto wa Birmingham, Alabama, waliopigwa kwa maji ya mabomba na kuachiwa mbwa wakiandamana Mei 1963. Watu wazima wana kazi na rehani, mtoto ana daftari tu. Mantiki naielewa, lakini bado inanipa kigugumizi kila nikiifikia.

Tofauti na Birmingham, hata hivyo, wavulana hawa hawakwenda kuandamana kudai kitu. Walikwenda kufanya kazi yao. Hawakuwa na bango. Hawakuimba wimbo wa harakati. Walipiga miziki ya gwaride kama bendi nyingine yoyote iliyokuwa kwenye foleni ile, kwa nia ya kuipiga vizuri zaidi. Na nadhani hicho ndicho kilichokuwa kigumu kwa umati kumeza. Mdai haki unaweza kumwita mchochezi. Bendi inayopiga bila kukosea, safu zimenyooka kama uzi, utaiitaje? Ndipo watu wanaokosa neno wanapotafuta chupa.

Mwaka huohuo wa 1967 shule hiyohiyo ilikuwa na vita vingine, mahakamani. Chama cha michezo cha shule za sekondari Louisiana kilikuwa kimeikatalia uanachama, kwa hiyo timu zake hazikuweza kushindania vikombe vya jimbo. Shule ilishtaki, hakimu wa serikali kuu akaamuru ipokelewe, na rufaa ikathibitisha hukumu mwaka 1968. Wachezaji mpira wa St. Augustine wakapata haki yao kwa karatasi yenye muhuri. Wapiga tarumbeta hawakupata karatasi yoyote. Walichopata ni kwamba mwaka uliofuata barabara ilikuwa inajua wanaweza kupita.

Nao wenye Rex? Waliifungua barabara, chama hakikufunguka. Ilibidi mwishoni mwa mwaka 1991 diwani Dorothy Mae Taylor asimamie sheria ya mji inayokataa kibali kwa vyama vinavyobagua wanachama. Rex ilikubali masharti. Comus na chama kingine cha zamani, Momus, waliona heri wasitoke tena barabarani kuliko kufungua milango. Karibu robo karne, basi, kati ya kijana mweusi kuruhusiwa kupiga mbele ya gari la mfalme na mtu mweusi kuruhusiwa kukaa meza moja na waliokuwa juu ya gari.

Kwetu tunaijua sare

Msomaji wa pwani hatapata shida kuelewa kwa nini sare na tarumbeta vinaweza kuwa siasa. Babu zetu walikuwa na beni. Neno lenyewe ni "band" iliyovuka bahari. Tangu mwisho wa karne ya 19 na katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, Lamu na Mombasa, vijana walichukua gwaride la Wazungu, vyeo, ngoma na sare, wakavifanya vyao, kwa vyama vilivyoshindana: Kingi kwa Skochi huko Mombasa, Marini kwa Arinoti huko Tanga na Dar es Salaam. Wakoloni walitazama wasijue wacheke au waogope. Anayesema ni kuiga tu hajawahi kusimama kwenye mstari. Ukivaa sare ambayo mwenye nguvu anadhani ni yake peke yake, na ukaitembea vizuri kuliko yeye, umesema jambo ambalo kwa maneno lingekupeleka jela.

Na leo? Aliyeiona bendi ya wavulana wa Starehe, Nairobi, ikiingia uwanjani kwenye sherehe za taifa, anajua jinsi uwanja unavyotulia.

Waliobaki na tarumbeta

New Orleans haijawahi kuona bendi ya shule kama pambo. Louis Armstrong mwenyewe alipata mafunzo yake ya kwanza ya kupanga noti katika bendi ya nyumba ya watoto watukutu, alikopelekwa baada ya kufyatua bastola hewani usiku wa mwisho wa mwaka 1912. Miaka sabini baadaye, mwaka 1983, vijana wa sekondari ya Joseph S. Clark, karibu na Tremé, walitoka na vyombo vyao wakaunda Rebirth Brass Band, na wengine wao wanaishi kwa hiyo kazi mpaka leo. Jon Batiste, mpiga piano anayejulikana duniani, alisoma St. Augustine. Kwa mvulana wa mtaa ule, kasha la tarumbeta mkononi saa kumi jioni ni kitambulisho. Watu wanajua ametoka wapi na kesho saa ngapi atakuwa wapi, na hilo, kwenye kona fulani za mji ule, si jambo dogo.

Jambo moja la mwisho la kuweka kwenye faili la kisa hiki, maana lilinionyesha vizuri zaidi kuliko 1967 nini hasa vijana wanakishikilia. Agosti 29, 2005, kimbunga Katrina kilipiga, maboma ya maji yakavunjika, na asilimia kama 80 ya mji ikazama. Shule tatu za Kikatoliki za weusi zilikuwa hazina majengo ya kutosha wala wanafunzi wa kutosha: St. Mary's Academy na Xavier Prep za wasichana, na St. Augustine. Januari 2006 zikaungana kwa muhula mmoja katika majengo ya Xavier Prep. Zikachukua herufi moja moja, M, A, X, shule ikaitwa The MAX. Wanafunzi walikuwa wametawanyika Houston, Atlanta, Baton Rouge. Wengine walirudi wakati nyumba zao bado zina alama ya maji ukutani, juu ya kichwa cha mtu.

Wakaunda bendi. Mardi Gras ilikuwa Februari 28, miezi sita kamili tangu kimbunga, na watu wengi nje ya mji walikuwa wanahoji kama ni halali kufanya karnivali kabisa mahali ambapo maiti zilikuwa bado zinapatikana. Bendi ya MAX ilitoka. Wasichana na wavulana wa shule tatu zilizokuwa zikishindana miaka yote, wamechanganywa safu kwa wiki chache, wengi hawajazoeana hatua. Hakuna aliyewarushia kitu safari hii isipokuwa shanga.

Familia za New Orleans huwa na desturi ya kuleta ngazi ya mbao kwenye gwaride, ile ya fundi rangi, imepigiliwa kiti kidogo juu ili mtoto aone juu ya vichwa. Aliye kwenye kiti hicho hasikii tarumbeta kwanza. Anasikia besi, ikiwa bado mitaa miwili nyuma, na anaanza kuwapigia kelele wazazi wake walio chini kwamba wanakuja, wanakuja, kabla hajaona mtu yeyote.